Kifundo cha mguu kilivunjika zamani "kikapona", sasa kinauma kila siku: wenye shida hii tuongee hapa

#1 DerevaMalaba

Salamu kwenu wote. Mimi ni msomaji wa siku nyingi hapa, kuandika si kazi yangu, kazi yangu ni lori, Mombasa Malaba Kampala, saa zingine Elegu mpaka Juba. Naandika kwa sababu ya kijana mmoja nimemkuta wiki iliyopita kwenye foleni ya Malaba, ni utingo wa trela la mafuta, anashuka kwenye kabini anageuza mgongo, anashika mlango, anatua na mguu mmoja, halafu anasimama kwanza kama dakika nzima ndo anapiga hatua. Nikamwita nikamuuliza mguu una nini mwanangu, akasema "ni ajali ya boda mzee, lakini ilishapona". Usiku ule sikulala vizuri. Hilo neno ilishapona nimelisema mimi mwenyewe zaidi ya miaka kumi, kwa mke wangu, kwa bosi, kwa wasawo (madaktari), na muda wote huo kifundo kilikuwa kinasagika ndani kwa ndani.

Yangu ilikuwa hivi. 2009 nilikuwa utingo bado, nimepanda boda usiku, mvua imetoka kunyesha, barabara ya murram imekuwa sabuni, tukateleza, mguu wa kushoto ukabaki chini ya pikipiki na mwili ukaenda mbele. Nilisikia ta! kama kijiti kikavu. Asubuhi mguu umevimba umekuwa kama mfuko wa sukari. Nyumbani wakaita muyunzi, yaani mganga wa kuunga mifupa, mzee anaheshimika kijijini, akakanda, akavuta, akafunga na vijiti na majani. Nikakaa wiki tatu. Maumivu hayaishi, ndo nikapelekwa hospitali wakapiga picha wakaona umevunjika pande zote mbili, ndani na nje, na mfupa umeshaanza kushika hivohivo ulivyo. Wakaweka plasta wiki sita. Ilipotoka nikatembea. Unachechemea kidogo, mwezi, miezi mitatu, halafu unasahau. Nikajifunza kuendesha, nikapata leseni, nikapewa lori, maisha yakaenda.

Sasa hapa ndo watu wengi hatuelewi, mimi nilikuja kueleweshwa nimeshachelewa. Mfupa kushika ni kitu kimoja na mfupa kukaa mahali pake ni kitu kingine. Kile kifundo kimekaa kama fremu ya dirisha, mfupa wa muundi juu, mwembamba wa pembeni umeshika ubavu, na katikati kuna mfupa mmoja unaitwa talasi unazunguka humo. Gegedu linalofunika hiyo mifupa ni jembamba sana, halifiki hata milimita mbili. Kuna madaktari walipima zamani, 1976, wakakuta talasi ikisogea pembeni milimita 1 tu, eneo la mfupa kugusana linapungua kwa asilimia 42. Milimita moja! Ukichukua uzito wako wote, na ukitembea kifundo kinabeba mara kadhaa ya huo uzito, ukauweka kwenye zaidi kidogo ya nusu ya mahali pake, gegedu litadumu vipi? Ndo maana goti na nyonga vinachakaa zaidi kwa uzee lakini kifundo, kati ya watu kumi wenye yabisi ya hapo, yaani kiungo kilichochakaa, kama saba au wanane waliumia kwanza. Ni ugonjwa wa ajali, na ajali sisi tunazo.

Ilianza taratibu. Kama 2015 hivi asubuhi hatua za kwanza ngumu, ukishatembea mpaka kwenye maji inalegea. Halafu jioni kifundo kinavimba, kamba za kiatu zinaacha alama. Halafu klachi. Wenzangu madereva mnaijua jamu ya kutoka Mukono kuingia Bweyogerere, unakanyaga klachi unaachia unakanyaga, masaa mawili, na huo ndo mguu wangu wa kushoto. Kila nikikanyaga nasikia kitu kama kokoto kinapita kwa mbele pale kifundo kinapokunja. Baadaye nikawa nakanyaga kwa kisigino, halafu kwa kusukuma na paja zima, kiuno nacho kikaanza kuuma.

Nikaanza diklo, ile dawa ya maumivu diklofenaki. Kila mji kuna kiliniki ya kuchoma diklo, unaingia, unachomwa, unaondoka, siku mbili uko sawa. Ikawa mara moja kwa wiki, ikawa mara tatu, na vidonge juu yake. Siku moja niko Tororo choo kikatoka cheusi kama lami, nikaona kizunguzungu, nikalazwa, tumbo lilikuwa linavuja damu. Naomba mtu asipite hapa haraka. Ile sindano haikuwa inatibu mguu hata siku moja, ilikuwa inanyamazisha mguu ili niendelee kuusaga.

Na picha nilipiga. Mara mbili nilipiga eksirei nimelala kitandani, mara zote mbili naambiwa mfupa umeunga vizuri nenda nyumbani. Mara ya tatu nikampata daktari wa mifupa mtu mzima, akaitazama ile picha akaweka kando, akasema "ssebo (bwana), mguu wako unauma ukilala au ukisimama?" nikasema nikisimama, akasema "basi kwa nini wanakupiga picha umelala?" Nikasimama kwenye kiboksi cha mbao miguu peku uzito wote chini wakapiga. Picha ilipotoka hata mimi nisiyesoma niliona. Mguu wa kulia kuna mstari mweusi safi kati ya mifupa, hiyo ndo nafasi ya gegedu. Wa kushoto upande wa nje hakuna mstari, mfupa juu ya mfupa, na talasi imelala upande kama lori limepinduka kwenye mtaro.

Nitaendelea, simu inakaribia kuzima. Kama una shida hii andika hapa.

#2 AfandeMstaafu

Pole sana ndugu dereva. Umenigusa. Mimi sikuvunjika kamwe, nilitegua. Nilikuwa jeshini miaka 22 na huu mguu wa kulia nimeutegua sijui mara ngapi, mashimo, mawe, kuruka kutoka kwenye gari na mzigo. Unafunga bandeji unaendelea. Sasa niko nyumbani Bombo na umri umeenda, kifundo kinajikunja chenyewe hata kwenye sakafu ya saruji, na kimeanza kuvimba. Kwenye swala kukaa kikao cha tahiyatu siwezi tena, naweka mguu pembeni. Na choo chetu ni cha shimo, kuchuchumaa ni vita. Je na mimi ni haya haya au ni kitu kingine?

#3 MamaArua

Naingia kama nesi, niko West Nile, wodi ya mifupa nimekaa miaka mingi. Mzee wangu afande, inawezekana kabisa. Kutegua mara nyingi kunaacha kano za nje zimelegea, kifundo kinacheza ndani ya nyumba yake, na kucheza huko kunakwangua gegedu polepole, inaweza kuchukua hata miaka 20 au 30 ndo uone matokeo. Lakini kwa sababu bado kinajikunja, kuna kitu cha kufanya sasa hivi. Simama kwa mguu huo mmoja karibu na ukuta ukiwa unapiga mswaki, asubuhi na jioni, mwanzo sekunde chache, shika ukuta ukihitaji. Hiyo inafundisha misuli ya pembeni kushika kazi ambayo kano zimeshindwa. Na kiatu cha kufunga kamba kinachopanda juu ya kifundo, nyinyi wanajeshi mnavijua, vaa ukiwa unatembea kwenye mabonde, usivae ndara shambani. Choo weka kiti, fundi seremala anakata kiti cha mbao tundu katikati, si aibu.

Sasa la dawa, namuunga mkono dereva na nataka niongeze. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa nzuri ikitumika siku chache na chakula na mtu hana vidonda vya tumbo, hana presha ya juu, hana shida ya figo. Watu wetu wengi wana presha na hawajui, wanachomwa diklo kila wiki, figo zinaumia kimyakimya. Kama ni kifundo kimoja tu kinauma, ile diklo ya kupaka, jeli, inafaa kujaribu kwanza maana kifundo kiko karibu na ngozi na dawa kidogo tu inaingia kwenye damu. Na zile dawa za miti shamba zinazouzwa ndani ya mabasi, chupa ya kahawia, "inatibu mgongo magoti presha sukari", bambi muwe macho. Zimewahi kukamatwa nchi nyingi dawa za namna hiyo zimechanganywa na steroidi. Mtu anapona siku mbili kama muujiza, anaendelea nayo miezi, uso unavimba, sukari inapanda, na akiacha ghafla anaweza kuzirai.

Na jingine moja. Si kila kifundo kinachouma ni yabisi ya ajali. Kikiwa cha moto, chekundu, umepata homa, huwezi hata kugusa, hiyo ni dharura, usaha kwenye kiungo unaharibu kwa siku si kwa miaka. Kikivimba polepole bila ajali yoyote na unakonda, unatoka jasho usiku, TB inaweza kukaa kwenye kiungo, hapa kwetu tunaiona. Na kikikurupuka usiku mmoja baada ya nyama na pombe, fikiria jongo, ule ugonjwa wa gauti.

#4 DerevaMalaba

Mama webale nnyo (asante sana), hiyo ya homa sikuwa naijua.

Naendelea. Daktari hakunipeleka kwenye kisu siku ile. Alisema kitu ambacho kilinikaa, kwamba goti bovu tunalitibu kwa kulizungusha lakini kifundo kilichoisha tunakitibu kwa kukishika, maana kinachouma ni ule mwendo wa mfupa juu ya mfupa. Punguza mwendo, maumivu yanapungua. Akanituma kwenye karakana ya vifaa vya viungo wakanitengenezea kifaa cha plastiki ngumu kinaanzia chini ya nyayo kinapanda nyuma ya muundi mpaka karibu na goti, kinafungwa na mikanda. Siku ya kwanza kinabana, nilikaribia kukitupa. Siku ya nne nimetoka kituo cha malori mpaka dukani na kurudi nikagundua sijasimama kupumzisha mguu hata mara moja.

Cha pili ni kiatu, na hiki naomba mkichukulie maanani maana ni cha bei ndogo kuliko vyote. Nilienda Owino, lile soko la Kampala, nikanunua buti ya mtumba ngumu, soli nene isiyokunjika, nikampelekea fundi viatu akaongeza mpira chini akaukata mbele na nyuma uwe umepinda kama nguzo za kiti cha bembea. Ukikanyaga, kiatu ndo kinabingirika, si kifundo kinachokunja. Fundi alinitazama kama nimechanganyikiwa, nikamchorea kwenye boksi la soda. Kiatu kilikuwa kizito lakini nilitembea nacho miaka miwili na nusu.

Cha tatu mkongojo, na ushikwe mkono wa UPANDE WA PILI. Mguu wangu mbovu ni wa kushoto, mkongojo mkono wa kulia. Karibu kila mtu ninayemuona anaushika upande wa maumivu. Jaribu leo hapo ulipo utaona.

Cha nne uzito. Dereva unakula saa tano usiku, chipsi, rolex mbili (chapati na mayai), soda, unalala kwenye kabini. Nilikuwa kilo 96, nikateremka mpaka 84 kwa kuacha soda na kupunguza posho (ugali) ya usiku. Kila kilo unayotoa tumboni, kifundo kinatoa zaidi ya hiyo kwa kila hatua.

Sindano ya steroidi kwenye kiungo nilichomwa pia, na daktari, si kiliniki ya njiani. Ya kwanza ilinipa karibu miezi mitatu mizuri sana. Ya pili wiki tano. Ya tatu daktari akakataa, akasema inaanza kudanganya.

#5 Mjenzi_Kira

Mimi nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi ghorofa ya pili, nikatua na mguu. Wakasema talasi imevunjika shingoni, nikawekwa skrubu mbili. Sasa ni miezi 14, maumivu yamebaki palepale na daktari ameandika kwamba mfupa unakufa. Mfupa unakufaje mimi bado niko hai? Niliogopa hata kumuuliza. Nina watoto wanne, kazi yangu ni ya kusimama na kupanda ngazi.

#6 MamaArua

Kaka pole sana, na usiogope kuuliza, ni haki yako. Nakuelezea kama ninavyowaelezea wagonjwa wangu. Talasi karibu yote imefunikwa na gegedu, misuli haijajishika popote juu yake, kwa hiyo milango ya mishipa ya damu kuingia ni michache, na mingi inaingia kwa chini inapita shingoni kwenda nyuma. Shingo ikivunjika na kusogea, njia inakatika, na sehemu ya mfupa ya nyuma inakosa damu. Mfupa usio na damu unabaki mgumu kwa muda halafu unaweza kuporomoka kama udongo wa kichuguu. Si kila mtu unaporomoka, wengine damu inarudi polepole, inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Ndo maana wanakupiga picha mara kwa mara. Waulize mambo matatu: sehemu iliyokufa ni kubwa kiasi gani, umeshaporomoka au bado umesimama, na je unaruhusiwa kuweka uzito. Hilo la tatu ndo muhimu kwa sababu ya ngazi. Usipande jukwaa mpaka ujibiwe.

Na kama unavuta sigara kaka yangu, acha. Nasema bila kuzunguka.

#7 Mpwa_wa_Muyunzi

Mnawasema bayunzi lakini mjomba wangu ni muyunzi na ametibu watu wengi Masaka, mikono, miguu, wametembea. Hospitali unaambiwa leta pesa ya plati, kile chuma cha kushika mfupa, mtu hana, aende wapi?

#8 DerevaMalaba

Ndugu yangu sijamtukana mjomba wako na mzee aliyenikanda mimi namsalimia mpaka leo. Mfupa wa mkono katikati ukivunjika bila kusogea, unaweza kushika hata ukifungwa na kitenge. Ninachosema ni kiungo. Palipo na mfupa unaoteleza juu ya mfupa, macho na vidole haviwezi kuona milimita moja, na milimita moja ndo kesi yangu yote. Mwambie mjomba akikutana na kifundo kilichovimba pande zote mbili na mtu hawezi kupiga hatua nne, amtume kwanza akapigwe picha kabla hajakivuta. Akifanya hivyo atakuwa amemwokolea mtu mguu. La pesa umesema kweli na linaniuma, mimi mwenyewe nilikuja kuuza ng'ombe wawili na shamba la kahawa nikaliweka rehani.

#9 DadaMbale

Dereva endelea kwenye oparesheni bambi. Mimi niliumia kwenye ajali ya taksi, ni mfanyabiashara sokoni, nasimama kuanzia saa kumi na mbili. Daktari mmoja ameniambia wataunganisha mifupa kifundo kisikunje tena. Mwingine akasema kuna kiungo bandia nje ya nchi, kinakunja kama kawaida. Nina miaka 41. Nikifikiria mguu mkavu kama ubao nalia.

#10 DerevaMalaba

Dada usilie, mimi ndo nina huo mguu na nakuandikia nikiwa nimetoka kushusha mzigo.

Nilifanyiwa Februari 2022. Wanakwangua gegedu bovu lililobaki mpaka mfupa utoe damu, wanaweka muundi na talasi pamoja, wanafunga na skrubu, mimi ni tatu, na mfupa unajiunga kuwa mmoja. Mguu unawekwa pembe ya 90 sawasawa, nyayo imetulia chini. Kabla ya hapo daktari aliniambia chagua sigara au oparesheni, nikaacha miezi miwili kabla, maana moshi unazuia mfupa kuunga. Wiki sita sikukanyaga kabisa, magongo, nyumbani wakanitolea kitanda sebuleni. Halafu buti la plastiki na uzito kidogo kidogo mpaka wiki ya 12. Maumivu ya oparesheni wiki ya kwanza ni makali sikufichi. Lakini kuna siku, kama wiki ya 15, nimetoka nje asubuhi kuita mbwa, nimefika getini ndo nikakumbuka kwamba zile hatua za kwanza za asubuhi hazikuuma. Nilisimama pale getini nikashika nguzo.

Na sio ubao. Kuna viungo vingine chini na mbele ya kifundo, vinakunja kidogo, na kwa kiatu kizuri watu hawajui. Vigumu ni kuteremka mlima, kukimbia, kuchuchumaa kwa nyayo nzima, na kutembea peku kwenye shamba lililolimwa. Klachi nilikaa miezi saba sijagusa, daktari akanikagua kwanza, nikasogeza kiti mbele, nakanyaga kwa paja na goti. Bosi alinivumilia, Mungu ambariki.

Nisikudanganye upande wa pili. Ule uzito ambao kifundo kilikuwa kinakunja sasa unaenda kwenye viungo vya jirani, na baada ya miaka navyo vinaweza kupata yabisi. Hilo nimeambiwa wazi na ninalijua.

#11 MamaArua

Dada wa Mbale naongeza kwa takwimu maana umeuliza swali ambalo hata madaktari wamebishana sana. Uingereza walichukua watu 303, wengine wakaunganishwa mifupa, wengine wakawekewa kiungo bandia, matokeo yakatoka 2022. Baada ya mwaka makundi yote mawili walikuwa wamepona sana kwa maumivu na kutembea, na tofauti kati yao haikuwa kubwa ya kusema hiki ndo bora. Wa bandia walipata zaidi shida ya kidonda kupona na mishipa ya fahamu. Wa kuunganisha, kama 12 kwa 100 mfupa haukuunga kwenye picha, ila walioumwa kwa sababu hiyo ni kama 7. Na kumbuka wale walikuwa miaka 50 kwenda juu. Wewe ni 41, unasimama siku nzima unabeba magunia, kiungo bandia kinachakaa, kitahitaji kurudiwa, na hapo ukikiweka nje ya nchi marudio yako wapi? Mimi siwezi kukuamulia. Lakini uende na hayo kwa daktari, na akiwa ni mtu wa mifupa aliyeshafanya vifundo vingi. Hapa nchini kuna Mulago, na kuna ile hospitali ya CoRSU Kisubi barabara ya Entebbe ambayo kazi yao kubwa ni mifupa na urekebishaji. Anzia kwa kuuliza.

Na kama mtu atakuuzia sindano ya damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine, hiyo ya bei kali, Uholanzi walijaribu kwa watu 100 wenye yabisi ya kifundo, 2021, nusu wakachomwa maji ya chumvi bila kujua. Baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti. Hifadhi pesa yako.

#12 Shabiki_wa_Namboole

Mimi sina ugonjwa huu ila nimekumbuka Batistuta yule mchezaji mpira wa Argentina. Alichomwa sindano nyingi acheze, alipostaafu hakuweza hata kutembea kwenda chooni usiku. 2014 alisema mwenyewe hadharani kwamba alimwomba daktari amkate miguu. Daktari akakataa. Na Van Basten wa Uholanzi naye, kifundo hichohicho, aliacha mpira 1995 ana miaka 30 tu, naye akaja kuunganishwa mifupa. Watu wenye pesa zote hizo. Kwa hiyo dada usijione umeonewa peke yako, na wewe dereva hiyo ya diklo nimeielewa vizuri sana.

#13 AfandeMstaafu

Narudi na taarifa. Nimefanya la mswaki wiki tano. Mwanzo sekunde nne nayumba, sasa nafika 25. Kifundo kimejikunja mara moja tu toka nianze. Kiti cha choo kimetengenezwa, mke wangu naye anakitumia. Tahiyatu bado, imamu ameniambia nikae kwenye kiti hakuna neno, lakini moyo wangu unataka kukaa chini kama wenzangu. Eksirei ya kusimama nimepigwa, nafasi imepungua kidogo upande wa ndani, bado ipo. Daktari amesema kisu hapana.

#14 Mjenzi_Kira

Na mimi nimeuliza yale matatu. Sehemu iliyokufa ni kama theluthi, bado haijaporomoka, na uzito nimekatazwa nusu, natumia magongo mawili. Daktari alikaa na mimi akanichorea, hakukasirika. Fundi mkuu amenipa kazi ya kuhesabu vifaa stoo nikiwa nimekaa. Picha nyingine baada ya miezi mitatu.

#15 DerevaMalaba

Mjenzi hiyo ya stoo ni habari kubwa, ishike, usiruhusu mtu akakuita juu ya jukwaa hata kwa dakika tano kushikilia bomba.

Yule kijana wa trela nimempata tena, safari hii Busitema kwenye kituo cha mafuta. Nimemwambia avue kiatu. Kifundo kimevimba kwa mbele na ukikikunja kinagoma kabla ya nusu. Ana miaka 26. Picha aliyonayo ni ya 2021, amepigwa amelala. Nimemtolea nusu ya pesa, nusu bosi wake, Jumatatu anaenda kupigwa amesimama, miguu yote miwili pamoja ili ilinganishwe. Mkongojo nimempa wangu wa zamani, ameushika mkono wa kulia mguu mbovu ukiwa wa kulia, nikamgeuza. Alitembea kutoka pampu mpaka dukani, akarudi, akasema mzee mbona imekuwa hivi.

Picha ikitoka nitaomba ruhusa yake niwaandikie imesema nini.